Kifuko Chenye Manyoya

Mama Digna anakaa mtaa wa Viwanja Sitini, jirani na duka la Said. Ni Mpogoro, alishuka kutoka Mahenge na mbegu zake. Pembeni ya mahindi kaacha yale magugu yenye vitunda ndani ya vifuko vyepesi kama karatasi. Sisi wote tunayang'oa, yeye anayapalilia. Ndiyo, mama anapalilia magugu!

Juzi nimempelekea gunia la pumba za kuku kwa pikipiki, namkuta Said kasimama uani, jembe mkononi. Mwanawe Jihan kala vile vitunda, katapika asubuhi nzima.

“Mama Digna, nakuheshimu, lakini leo yanang'oka yote.”

“Mtoto anaendeleaje?”

“Katulia. Usinibadilishie habari.”

“Sibadilishi. Mlete nimwone.”

Jihan akaja, shikamoo yake haisikiki vizuri. Mfukoni mwa gauni alikuwa bado na vifuko viwili vya kijani. Mama Digna akachukua kimoja, akakipitisha shavuni taratibu, kama mtu anayechagua kitenge. Kisha akachuma kimoja cha kwake, akampa Said vyote viwili.

“Pitisha.”

“Mimi?”

“Kwani shavu huna?”

Said akapitisha. Cha Mama kina manyoya laini, kinanata kidogo. Cha Jihan kinateleza tu. Mama akatuonyesha na ua la kwake, la njano, ndani lina madoa meusi. Halafu akatupeleka nyuma ya duka la Said. Mmea ni uleule ukiuangalia haraka, ila majani hayana manyoya na maua yamepauka. Umejaa ukutani kwake mwenyewe!

Nikaropoka, “Bosi, sumu ya kwako hiyo! Kalime kwako!”

“Emanuel, nyamaza.” Mama akainama. “Jihan, uliokota chini au ulichuma?”

“Nilichuma.”

“Haya. Baba Jihan, hata ya kwangu angeyachuma mabichi yangemuumiza vilevile. Hii mimea ni ndugu. Tunda la kwangu ni tamu likiiva, na likiiva linaanguka lenyewe, kifuko kimeshakauka. Kwetu mtoto hachumi, anaokota.”

Nilitamani kumziba mdomo. Kesi kashashinda, halafu anamrudishia mtu jembe!

“Si unaona?” Said akasema. “Wewe mwenyewe umekubali. Nitamlindaje huyu?”

“Nikizungushia miba? Aingie nikiwa naye tu.”

“Lini?”

“Leo hii.”

Said akamtazama mtoto, akatazama yale majani. “Sawa. Ya kwangu nang'oa, ya kwako yabaki. Lakini miba iwe miba kweli.”

Nilikuwa na abiria wa kumfuata stendi. Nikampigia, nikamwambia apande bajaji. Mama kama huyu unamwachaje akate miba peke yake? Tulipomaliza nikajisifu kwamba hata panya hapiti. Yeye akapiga magoti, akachungulia kwa chini.

“Mkono wa mtoto unapita hapa,” akasema. “Ongeza.”

Nikaongeza.