Ndege Wasioondoka

Jumamosi iliyopita, kwenye foleni ya duka moja la Farsta, huku ughaibuni kwenye baridi, mama mmoja wa Kitanzania alikuwa mbele yangu, amekumbatia mfuko wa mbegu za alizeti kama mtoto mchanga. Muuzaji, baba wa Kikongo, akamuuliza kwa Kiswahili kama anafuga kuku.

“Ni za ndege wa roshani kwangu,” akajibu. “Majani yanapukutika, wanaondoka kwenda kwetu. Utamwachaje msafiri atoke bila chakula cha njiani?”

“Ndege gani, mama?”

“Wale wadogo wa kifua cha manjano.”

Muuzaji akacheka mpaka akashika meza. “Zile haziendake popote, mama! Zinabakia hapa baridi yote. Ya kuenda Afrika ni mbayuwayu, na ile haikulake mbegu. Imeshaenda zamani.”

Mama akaushusha mfuko polepole. “Kwa hiyo kila mwaka nawaaga, kumbe hawaendi?”

“Hata siku moja.”

Akanigeukia, kiganja kifuani. “Kama mimi. Kila mwaka nawaambia dada zangu, Desemba narudi moja kwa moja. Huu wa kumi na tisa.” Kisha akamwambia muuzaji, “Niongezee mfuko mwingine. Nilikuwa nawapimia cha safari tu.”

Nilicheka njia nzima. Nilipofika kwangu nikavuta chini ya kitanda lile sanduku langu la kurudia nyumbani, nikalifungua. Humo ndimo ninamoweka makoti ya baridi.