Kiangazi cha Kuku wa Bibi

Nilipokuwa mtoto kule Mwese, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliamini kuku anaweza kuvunja ndoa ya watu. Leo ni mtu mzima, nafuga kuku wangu hapa Majengo, na bado naamini. Sababu tu ndizo zimebadilika.

Kwetu mke alifuga kuku wake ua mmoja na mama mkwe, na ili wasichanganyike kila mtu aliwafunga wake kitambaa mguuni. Wa bibi, mama yake baba, walivaa chekundu, wa mama cheusi. Kwa hiyo kuku wakigombana, watu waliona ni wenye kuku wanaogombana. Mwaka ninaousimulia, ugonjwa wa kideri ulikuwa umewamaliza karibu wote. Bibi alibakiwa na mtetea mmoja mzee, mama akaanza upya na vifaranga, ambao kufikia kiangazi walikuwa tembe wa kuanza kutaga.

Mtetea yule alitawala. Pumba zikimwagwa alikula yeye kwanza, tembe wakingoja pembeni, na bibi alitabasamu akiwatazama. Kisha akaanza kunyonyoka manyoya, shingo kwanza, halafu mgongo. Akaacha kutaga, akawa anajificha nyuma ya kinu. Tembe hawana adabu. Walipoona amekuwa mnyonge walimdonoa mpaka damu, na ukimshika alilia kama anayechomwa.

Wazee walisema mtetea mkuu akivuliwa manyoya angali hai, kuna mtu anamvua mwenye nyumba uhai wake. Na miguu ya bibi ilikuwa imeanza kuvimba.

"Mama Neema," bibi alimwambia mama, "mbona unamvua kuku wangu nguo?"

"Mama, kuku wananyonyoka tu. Hata kwetu Sitalike wananyonyoka kila kiangazi."

"Mbona wa kwako hawanyonyoki?"

Jibu mimi leo ninalo, kwa kuwa kuku wamenifundisha. Tembe hanyonyoki mwaka wake wa kwanza, na aliyenyonyoka huumia akiguswa kwa sababu manyoya mapya yanatoboa ngozi. Jibu dogo hivyo, na pale uani hapakuwa na mtu wa kulitoa.

Bibi akakataa ugali wa mkono wa mama. Alikonda mbele ya macho yetu, na mama aliendelea kumpelekea sahani na kurudi nayo imejaa. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto wa mama yake, basi. Asubuhi moja alifunga sanduku la mama kwenye keria ya baiskeli, bila kumtazama mtu. Mama alinishika kichwa akasema, "Mtii bibi yako." Watoto ni wa baba, kwa hiyo nilibaki.

Siku ileile bibi alikula. Haukupita muda mrefu mtetea akaota manyoya mapya yanayong'aa, akawapiga tembe na kurudi kwenye pumba zake. Bibi akawaita majirani.

"Mnaona? Kaondoka yule, kuku kapona."

Wakaitikia kwa vichwa. Nami niliitikia. Nilikuwa na miaka minane, na nilichokuwa nimekiona kwa macho yangu sikuweza kukikataa.

Kiangazi kilichofuata kuku wa mama wakanyonyoka, wote, vitambaa vyeusi vikining'inia kwenye miguu. Baba akachukua ufagio. Sikuwa nimewahi kumwona mwanaume wa kwetu akifagia ua. Alikusanya manyoya yote akayachoma, akapanda baiskeli kwenda Sitalike. Bibi aliyaona yote kutoka kwenye mkeka wake.

Baba alirudi peke yake. Sababu ya mama kurudishwa ilikuwa imefika Sitalike kabla ya baba, akaniambia. Kisimani wanawake walikuwa wanaondoa ndoo zao mama akikaribia, na kaka zake walikuwa hawali alichopika. Mwishowe mama akaondoka na watu waliokuwa wanaelekea Sumbawanga. Hakuna aliyejua alipofikia, na mpaka leo hatujui.

Nimejaribu kumchukia bibi, nikashindwa, kwa sababu aliogopa kufa na hofu yake ilikuwa ya kweli. Baba naye nimemsamehe. Kinachonikereketa ni kwamba mama alisema kweli tupu, kwa sauti ya kawaida, mbele yetu sote, na kuku asiyejua kitu akaaminiwa kuliko yeye. Popote alipo, kama yupo, sijui kama kuna mtu anayekula chakula chake.