Ishbel na hasira ya mtoto aliyeambiwa mama yake amekufa

Saa moja asubuhi, mvuke umejaa ndani ya kiwanda cha jibini cha Dunkeith, na Ishbel Gilfillan ameinama juu ya tangi refu la chuma, mikono imezama hadi viwiko. Anageuza mapande ya maziwa yaliyoganda, kila pande zito kama mtoto mchanga. Analibwaga moja juu ya jingine ili maji yajikamue, kisha anarudi kwenye lile la kwanza.

Nje, theluji ya Machi haijayeyuka. Ndani, jasho linamtiririka chini ya kofia ya wavu.

"Polepole, mama," anamtania Lorne Mabee, ambaye wamefanya naye kazi miaka mingi. "Hilo pande limekukosea nini?"

"Nimeliona lori la kina Haldane likishusha maziwa," anajibu bila kuinua macho.

Lorne anacheka, halafu kicheko kinamkauka. Katika kijiji hiki cha mashariki mwa Ontario hakuna asiyejua kilichotokea kati ya Ishbel na kina Haldane.

Ishbel ana miaka sitini. Ni mjane, na watoto wake wawili walishahamia mjini. Kazi hii inamlipa dola ishirini na mbili kwa saa, na imemwachia mabega yanayouma kila hali ya hewa inapobadilika. Hana malalamiko juu ya kazi. Malalamiko yake ni juu ya watu, na baadhi yao walikufa kabla hajazaliwa.

Yalianza na zawadi. Krismasi ya mwaka juzi binti yake alimletea kile kipimo cha vinasaba ambacho mtu anatema mate kwenye kichupa, anakituma kwa posta, kisha anaambiwa asili yake na ndugu zake waliko.

"Utakuta wewe ni Mfaransa," Lorne alimwambia wakati huo. "Halafu utaanza kutuimbia kanisani kwa Kifaransa, tutakoma."

Ishbel naye alilichukulia kama mzaha. Asili yake aliijua, au alidhani anaijua. Sebuleni kwa baba yake lilining'inia shuka la miraba ya kijani na bluu, kama yale yanayovaliwa na koo za Uskoti, na kila mgeni aliambiwa kwamba Gilfillan ni damu ya machifu wa nyanda za juu za Uskoti. Babu, Alick, aliletwa Canada na mjomba wake tajiri. Vidole vyake viwili vya mguu vilibaki kwenye vita kuu ya kwanza, huko Ufaransa. Ndivyo baba alivyosimulia.

Babu mwenyewe hakusimulia kitu. Alifariki Ishbel akiwa na miaka kumi na miwili, na anachomkumbuka nacho zaidi ni namna alivyokula.

"Alikula kasimama," anasema. "Kando ya jiko, sahani mkononi. Bibi alimbembeleza miaka nenda miaka rudi, 'Alick, njoo mezani na watu.' Anasema hapa panamtosha. Na mtu akimuuliza habari za kwao, jibu lake lilikuwa moja tu: mimi sina watu."

Kumbe alikuwa nao.

Majibu ya kipimo yalimwonyesha Ishbel mwanamke mmoja wa Paisley, Uskoti, mwenye damu ya karibu mno. Alimwandikia. Siku chache baadaye simu ikalia, akasikia sauti ya kikongwe, kavu na ya haraka.

"Wewe ni nani kwa Alick?"

"Ni babu yangu. Alimzaa baba yangu."

Upande wa pili kiti kilivutwa.

"Basi mimi ni shangazi yako," ile sauti ikasema. "Naitwa Nan. Mama yangu, Jean, alikuwa mdogo wake Alick, toka nitoke. Tumemtafuta huyo mtoto maisha yetu yote. Alipata chakula? Niambie kwanza hilo. Alipata chakula?"

Ishbel aliketi chini, palepale penye korido.

Shangazi Nan ana miaka themanini na minane na hamumunyi maneno. Alisema babu yake Ishbel hakuletwa na mjomba tajiri, wala hakuwa yatima asiye na mtu. Baba yake Alick aliangukiwa na chuma kwenye karakana ya meli, Glasgow, akamwacha mjane aitwaye Marion na watoto wawili. Marion alifua nguo za watu. Baridi ilipozidi hakuweza kuwalisha wote wawili, akamweka Alick kwenye makao ya watoto, akambakiza Jean aliyekuwa mdogo. Walikubaliana ni mpaka baridi ipite tu.

Baridi ilipopita, Marion alimnunulia mwanawe kofia, akaenda kumchukua. Akaambiwa ameshasafirishwa, yuko Canada, amepata familia njema, na si vizuri kumsumbua.

"Familia gani, hawakusema," Nan alieleza. "Bibi alirudi tena na tena. Mwisho bawabu akakatazwa kumfungulia. Mimi nilimuwahi bibi, nilikuwa na miaka kumi na mmoja alipofariki. Kila siku ya kuzaliwa ya Alick alipika keki, akaiweka mezani, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka jioni. Sisi watoto tukiitazama tu, mate yanatutoka. Jioni anaikata, anasema kuleni, mwenyewe hajafika."

Na huko Canada, mtoto huyo wa miaka tisa alikuwa ameambiwa mama yake amekufa.

Ishbel anaposimulia sehemu hii anafuta mikono kwenye aproni ingawa imekauka. "Kama angekufa kweli, ningelia, yakaisha," anasema. "Lakini alikuwa hai miaka thelathini na minane zaidi. Anapika keki. Na babu yangu yuko hapa, amesimama kando ya jiko, anasema hana watu. Nani alipewa haki ya kufanya hivyo?"

Maelfu kwa maelfu ya watoto waliletwa Canada namna hiyo kufanya kazi mashambani. Hapa Dunkeith waliitwa watoto wa makao, na wazee wanakumbuka kwamba lilikuwa tusi. Ukigombana na mtu unamwambia, huna kwenu, wewe wa makao. Ndiyo sababu baba yake Ishbel alitundika lile shuka ukutani.

"Baba alijua," anasema Ishbel. "Aliona bora tuwe wajukuu wa chifu wa uongo kuliko wajukuu wa mtoto wa kweli. Naye nimemkasirikia. Kaburini mwake nimekwenda nikamwambia."

Ilibaki kujua ni shamba gani lililompokea. Hilo halikumchukua muda, kwa sababu wenye shamba walikuwa wakijisifu nalo.

Kiangazi kilichopita kijiji kilitimiza miaka mia mbili tangu Waskoti wa kwanza wafyeke msitu hapa. Kamati iliamua kusimamisha jiwe lenye bamba la shaba la kuzitaja familia za waanzilishi, na mwenyekiti wake alikuwa Norval Haldane, mfugaji mkubwa ambaye maziwa yake ndiyo yanayokiweka kiwanda hai. Maneno ya bamba yalibandikwa kwenye ukumbi wa kanisa ili watu wayaone. Chini ya jina la Haldane paliandikwa: walimfungulia mlango yatima wa Glasgow, Alick Gilfillan, wakamlea kama mtoto wao.

Ishbel aliyasoma akiwa ameshika sahani ya mkate wa mayai. Anasema sahani aliiweka taratibu, maana angeirusha.

Mkutano ulipofunguliwa alisimama. Alieleza yote: mama aliyekuwa hai, keki, bawabu. Kisha akamgeukia Norval. "Yatima lifuteni. Na hilo la kumlea kama mtoto wao, nionyesheni."

Norval ni mtu mpole wa sauti, na upole huo, Ishbel anasema, ndio uliomchoma zaidi.

"Ishbel, tunakuonea huruma," alisema. "Lakini nyakati zilikuwa ngumu kwa kila mtu. Babu wa baba yangu alimpa mkate na paa. Shukrani kidogo si vibaya."

"Alimpa mkate wapi? Maana mezani hakukaa mpaka anakufa."

"Sasa unatukana wafu."

"Wafu wenu wana bamba, Norval. Acha watukanwe kidogo."

Watu waliguna. Mmoja alimwambia aketi, chai inapoa. Hapo ndipo mama yake Norval, Elspeth Haldane, bibi wa miaka tisini na mmoja, aligonga sakafu kwa mkongojo wake.

"Liondoe, Norval," alisema.

"Mama, tafadhali."

"Liondoe. Baba mkwe wangu, Robert, alikuwa rika moja na yule mtoto. Nilimuuguza mwaka mzima kabla hajafa, na habari yake ilikuwa hiyo tu. Mtoto alilala juu ya chumba cha maziwa, hakuna moto. Asubuhi walitumwa wote wawili kuswaga ng'ombe kwenye theluji. Yule alifungwa magunia miguuni. Vidole viliganda, vikakatwa palepale jikoni. Robert alikuwa akilia ananiambia, Elspeth, mimi nilikuwa na viatu."

Ishbel anasema hakumshukuru yule bibi wakati ule, hakuweza. Vita, Ufaransa, ushujaa, vyote vilimtoka akilini kwa mara moja, na badala yake akamwona mtoto juu ya meza ya jikoni, na mwenzake mwenye viatu akitazama.

Sentensi ile iliondolewa. Ishbel akaomba basi jina la Alick liandikwe peke yake, bila hisani ya mtu. Kamati ilikaa, ikamjibu kwamba bamba ni la familia za waanzilishi, na Alick Gilfillan hakuja na familia.

"Hakuja na familia kwa sababu walimnyang'anya," anasema, na sauti yake inapanda mpaka wenzake wanageuka. "Unamkata mtu na watu wake, halafu unamwambia hana sifa kwa kuwa yuko peke yake. Nitalimeza vipi hilo?"

Wiki iliyofuata meneja alimwita ofisini. Norval alikuwa amedokeza kwamba maziwa yake yanaweza kupata mnunuzi mwingine.

"Punguza sauti, Ishbel," meneja alimwambia. "Sikufukuzi. Nakuomba tu."

"Mwambie maziwa yake nitayageuza vizuri kama ya mwingine yeyote. Sauti ni yangu."

Norval hakuhamisha maziwa. Wakikutana posta hawasalimiani. Elspeth Haldane yeye humsalimia, na Ishbel sasa huitikia, ingawa hawajawahi kusimama wakazungumza.

Mwezi Mei atapanda ndege kwa mara ya kwanza, kwenda Uskoti. Marion alizikwa Glasgow kwenye eneo la wasio na uwezo, bila jiwe, karibu na ukuta, na Shangazi Nan ndiye pekee aliye hai anayejua mahali penyewe, kwa sababu alishikwa mkono siku ya mazishi. Fundi wa Paisley ameshapewa majina ya kuchonga: Marion Gilfillan, na mwanawe Alick, na binti yake Jean. Jiwe hilo halitataja machifu wala wafadhili.

Ishbel anatumaini pia kwamba wajukuu wa watoto wengine wa makao, ambao anaamini wapo hata mitaani kwake, watamfuata wakisema, na sisi ni wa makao. Mpaka sasa wamekuja wawili, wote kwa mlango wa nyuma. Amewaambia safari nyingine wapite wa mbele.

Kila Jumapili huzungumza na shangazi yake kwa simu. Jumapili iliyopita Nan alimuuliza kama amefungasha, kama ana koti la mvua, kisha akamuuliza kama hasira imepungua.

"Haijapungua, shangazi. Nilidhani niiache huku kwanza, nisije nikakuharibia ziara."

"Nani kakuambia uiache?" bibi kizee alimjibu. "Njoo nayo. Yangu ina miaka themanini, haijapata hata mtu wa kukaa naye."