Kikombe Nilichompokonya Baba

Kila ninaponusa jiwe lililoota utelezi wa kijani, narudi sebuleni kwetu Kilole, Korogwe, mbele ya tangi la kioo la baba.

Baba alikuwa fundi wa injini za boti Kigoma. Kiharusi kilipomwangusha, rafiki yake mmoja alimrudisha kwetu Korogwe, mkono wa kulia umekufa na maneno yamempotea, pamoja na samaki wake kumi na mmoja wa Ziwa Tanganyika ndani ya ndoo yenye mfuniko. Walikuwa ndugu wa perege, ila wadogo kama kidole, wenye mistari ya njano na myeusi. Dume mmoja alimfukuza kila aliyesogelea jiwe lake, tukamwita Mwenyekiti. Mama aliguna, "Samaki asiyeliwa ni mgeni asiyeaga." Lakini aliwalisha kila asubuhi, maana mbele ya lile tangi tu ndipo uso wa baba ulipokunjuka.

Siku moja mama alikwenda msibani Misima. Nilikuwa darasa la nne, nikaachiwa baba. Adhuhuri umeme ukakatika, pampu ya hewa ikanyamaza. Sikujali; umeme kukatika kwetu si habari. Kufika alasiri samaki wote walikuwa wamepanda juu, wanatweta, hata Mwenyekiti ameliacha jiwe lake.

Baba akaanza kuhangaika. "Mi... mi..." Mkono wake wa kushoto ulichota hewa, ukapanda, ukashuka.

"Wewe, baba? Una kiu?"

Nikamletea kikombe cha maji, nikamnywesha. Akayatema. Akakinyakua kikombe, akajivuta hadi kwenye tangi, akakichovya, akakiinua. Kikombe kikainama, maji yakamwagikia shuka lake na sakafu.

"Baba, jamani! Mama atanigombeza!"

Nikampokonya. Nikamrudisha kitini, nikamfuta kidevu kama mtoto mchanga. Akaendelea kuchota hewa kwa mkono mtupu, macho kwangu, mpaka samaki wa kwanza akalala ubavu. Nikakimbilia kwa jirani. "Subiri umeme urudi, mwanangu," akaniambia. Nikarudi, nikasubiri. Mmoja baada ya mwingine.

Mama aliporejea, wote walikuwa wanaelea, na baba analia bila sauti.

"Mbona baba yako kalowa hivi?"

"Alikuwa anachezea maji."

Baba alinisikia. Akafumba macho.

Miaka mingi baada ya kumzika, niliingia duka la samaki wa mapambo mjini Tanga, umeme umekatika. Muuzaji alikuwa anachota maji ya tangi kwa jagi na kuyarudisha humohumo kutoka juu, yakitoa povu. Nikamuuliza anafanya nini.

"Nawapa hewa, dada. Unachota, unamimina. Hata kikombe kinatosha."

Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi za duka. Mimina. Neno moja tu alilihangaikia alasiri nzima, akalifikisha nusu, akanionyesha na nusu iliyobaki kwa mkono wake mzima. Na mimi, binti yake, nikamfuta kidevu.