Mteremko wa Kwenda Bwawani

Mwezi uliopita nilishuka hadi bwawani, kule chini ya Gachoka, nikakuta mabanda ya wavuvi yameng'olewa yote. Pamebaki mafiga na harufu ya tope. Nilikuwa nimesimama mchana kweupe, mtu mzima na mvi zangu, na bado niligeuka mara mbili kutazama vichaka. Usinicheke, rafiki yangu.

Sisi tulikuwa watu wa Kibugu, watu wa majani chai na baridi. Samaki kwetu hakuliwa. Nyanya alisema ni nyoka tu aliyejifunza kuogelea. Lakini shangazi aliolewa na mvuvi, na likizo ya Agosti mimi na mdogo wangu wa kike, wa miaka minne, tukapelekwa kwake. Siku ya tatu tulikuwa tunafyonza miiba, tumemsahau nyanya kabisa. Kutwa tulizurura ufuoni, kutoka kijiji hiki cha wavuvi hadi kile, tukinusa moshi wa samaki waliobanikwa.

Juu ya mwamba palikuwa na nguzo ndefu. Jua likizama, jirani wa shangazi, mjane mwenye sauti ya kukwaruza, alipandisha karabai kwa kamba ili mitumbwi ijue pa kurudi. Mwalimu alikuwa ametusimulia minara ya taa ya Mombasa. Huu tukauita wetu.

"Mkiona taa imewaka, mkuwe nyumbani," shangazi alituonya. "Hiyo saa kiboko anatoka kula."

Jioni moja tulichelewa. Taa ilikuwa imeshawaka tuliposikia vichaka vikivunjika juu yetu, kisha nikamwona, mpana kuliko mlango wa nyumba. Mkojo ulinitoka.

Kwetu msitu wa ndovu ulikuwa karibu, na nyanya alitufundisha: ndovu akikujia, kimbia mteremko, uzito wake utamponza. Basi nikamshika mdogo wangu mkono, nikakimbia mteremko. Sikujua kwamba kiboko akishtuka hukimbilia majini, na mteremko ule ulikwenda majini.

"Si huko!" mjane alipiga kelele. "Hiyo ni njia yake! Kujeni huku kwa mawe!"

Ardhi ilitetemeka. Mdogo wangu alikuwa akiburutika. Nikamwachilia. Nasema wazi: nilimwachilia mkono, nikarukia mawe peke yangu.

Mjane ndiye aliyeshuka mbio akamnyakua kwa gauni, na kiboko akapita hapo hapo, maji yakaturukia sote. Tulipofika kwa shangazi, mjane akasema, "Huyu mkubwa amemshikilia mwenzake vizuri." Hakunitazama, wala hakulitaja tena jambo hilo.

Sasa mjane amezikwa, na kijiji chake hakipo. Mdogo wangu ana watoto watatu, na kila Krismasi huwasimulia jinsi nilivyokataa kumwachilia mkono. Wote hunigeukia. Nami hutabasamu, nikiogopa kuliko jioni ile.