Nyumba Ambazo Ndege Haikuziona

Nakumbuka siku moja nilipanda mlima nikiwa msomi, nikashuka nina vumbi magotini na aibu usoni. Ndiyo, mimi huyuhuyu bibi yako unayenikuta hapa Bagara nikipepeta maharage. Kaa kwanza, mwanangu. Ramani za zamani ulizozifuata zipo kabatini, hazina miguu. Nisikilize, halafu nitakupa.

Nilikuwa binti mwenye cheti kipya na kiburi kipya, karani wa ramani katika ofisi moja hapa Babati. Mkubwa wangu alinipa ramani mbili za mlima Kwaraa: moja ya zamani sana, iliyochorwa kutokana na picha zilizopigwa na ndege, nyingine ya miaka ya karibuni. Nilitakiwa nizilinganishe, nione msitu umepungua wapi, ili mpaka wake uwekwe upya. Upande wa Bonga, ramani mpya ilikuwa na vitone saba vyeusi, yaani nyumba saba. Ile ya zamani, mahali palepale, haikuwa na hata kimoja. Rangi ya vichaka tu! Ee, nilifurahi kama niliyekamata mwizi. Nikaandika: "Watu hawa wamevamia msitu. Wahamishwe." Na huko mlimani, mwanangu, sikuwa nimekanyaga hata siku moja.

Mkubwa akaniambia nipande nikawasomee taarifa hiyo kabla haijapelekwa mbele. Nilimkuta Mzee Amsi akipalilia maharage na mke wake, Mama Lohay. Nikawapa shikamoo, wakaitikia marahaba, nikaletewa kigoda na maziwa ya mgando. Nikanywa maziwa yao yote, nikafuta mdomo, ndipo nikawasomea kwamba waondoke. Hata leo nikikumbuka najionea haya.

Mama Lohay akaketi chini palepale shambani. "Twende wapi na hawa wajukuu?" akauliza, machozi yanamtoka. Mzee hakunifokea. Afadhali angefoka.

"Binti, matamshi yako ni ya kwetu. Umezaliwa wapi?"

"Mbulu, mzee."

"Bibi yako alikaa nyumba ya namna gani?"

"Tembe. Limechimbwa kwenye mteremko, paa lake la udongo."

"Na juu ya paa?"

"Majani. Mbuzi walikuwa wanapanda kula."

"Haya. Sasa huyo wa kwenye ndege, alipotazama chini, aliona nini?"

"Vichaka tu," nikajibu. Mwanangu, wazee wetu walizichimbia nyumba zao ardhini makusudi, wezi wa ng'ombe wasizione kutoka mbali. Mimi nilizaliwa ndani ya nyumba hiyo! Nimechezea juu ya paa lake! Lakini nilipoishika ramani nikasahau kwetu. Mwacha asili ni mtumwa, na mimi siku ile nilikuwa mtumwa wa karatasi.

Mzee Amsi akanipeleka nyuma ya migomba, penye shimo pana lililojaa magugu. Akanipa jembe lake. Nikapiga magoti, nikachimba, nikakuta majivu, kisha jiwe la kusagia lililolika katikati. "Hilo ni la mama yangu," akasema. "Nyumba hizi za juu ya ardhi tulizijenga baadaye. Matembe sita yaliyobaki nitakuonyesha. Usichoke."

Jioni nilimrudia mkubwa wangu nikiwa na udongo kwenye kucha. Nikamwambia nimekosea. Alinigombeza, tena sana, maana taarifa ilikuwa imeshachapwa. Nikasema kama ni kunifukuza anifukuze, lakini apande akaone kwa macho yake. Wiki iliyofuata alipanda, akayaona mashimo yote saba, akaichana karatasi. Mpaka ukawekwa upande wa juu, kupita mashamba yao, nao wakabaki.

Kumbe ramani haikusema uongo, mwongo nilikuwa mimi. Yenyewe ilionyesha kilichoonekana kutoka angani, basi. Mimi ndiye niliyeongeza kwamba kisichoonekana hakikuwepo. Wewe leo una kompyuta na picha za juu zinazong'aa kuliko zetu, na nafurahi, soma sana. Zilinganishe, pima msitu, fuata mito iliyohama. Lakini kabla hujaandika "hapakuwa na watu", panda. Wape wazee shikamoo, uliza ni nani alizikwa wapi, na maji walichota wapi. Kuuliza si ujinga. Na ukikosea, rudi ukaseme siku hiyohiyo, hata kama imeshachapwa.

Haya, ichukue ramani ile ya zamani. Hivi vijumba saba vya penseli upande wa Bonga nilivichora mimi, Mzee Amsi akinielekeza kwa kidole. Usivifute. Yeye na Mama Lohay wamezikwa hapo, karibu na lile jiwe, na wajukuu wao ndio wanaolima sasa.

Mungu akupe macho ya kuona na magoti yasiyoogopa vumbi. Kila mteremko utakaoupanda, wenyewe wakuitikie marahaba kwa moyo mweupe, na utakaposhuka usimwache nyuma yako mama akilia. Nenda salama, mwanangu.