Mti Aliouangusha Kiboko

Ofisini wanamwita Mama Ratiba, na sijawahi kumwona akikalia kiti chake kwa dakika tano mfululizo. Simu anapiga amesimama, chai anakunywa amesimama, na ukimwuliza swali anakujibu akiwa ameshafika dirishani. Kazi yake ni kupanga safari za wageni wanaokwenda kuona wanyama bondeni, kule mto unakotapakaa na kuwa nchi ya matete, vijito na visiwa.

Maji ya kule yana tabia yao. Mvua hunyesha milimani, mbali sana, na maji hutembea miezi kadhaa hadi yafike bondeni katikati ya kiangazi, mbingu ikiwa nyeupe kabisa. Kalenda haisaidii. Kinachosaidia ni mti uliochimbiwa mtoni, wenye mikato ya kisu, na shemeji yake Mama Ratiba, mume wa mdogo wake, ambaye ni mpiga upondo: husukuma mtumbwi kwa mti mrefu. Kila asubuhi anausoma ule mti wa mikato na kupiga simu. Maji yakifika mkato wa sita, mitumbwi inapita. Yakiwa chini ya hapo, wageni wanapanda gari.

Mwaka jana Mama Ratiba aliwahi kuwapeleka wageni mapema, mtumbwi ukakaa matopeni tangu adhuhuri hadi jioni. Bosi alimwambia maneno machache: "Ukirudia, funguo za ofisi uache mezani."

Wiki hii wageni ni wauguzi wastaafu kumi na wawili, wanafika Ijumaa, nao wameomba mitumbwi. Mimi, msafiri wa peke yangu, nilikuwa nasubiri nafasi ya kupachikwa kati yao, siku ya tatu kwenye benchi lile lile la ofisini. Jumatano shemeji alisema mikato mitatu. Alhamisi simu ikalia, Mama Ratiba akaiweka kwenye kipaza sauti.

"Sita, shemeji! Lete wazee wako."

"Jana ulisema mitatu."

"Jana ilikuwa jana."

"Maji hayana miguu ya sungura. Mti uko palepale?"

"Uko mtoni."

"Nimekuuliza, uko palepale?"

"Kiboko aliuangusha. Nimeuchimbia tena, kando kidogo tu."

"Kando wapi?"

"Shemeji, unanihoji kama polisi, na mdogo wako nilimwoa kwa hiari yangu!"

"Na sisi tulikupa kwa huruma. Kando wapi?"

"Kwenye njia ya kiboko."

Mama Ratiba alifumba macho. Kiboko akipita mahali kila siku hulima mfereji. Ukichimbia mti mle, utasoma kina cha mfereji, na mto mzima umebaki kijito cha kuku. Alinyakua funguo za gari.

"Unakuja," aliniuliza, "au unabaki kulinda benchi?"

Tuliendesha kwa saa nne. Njiani akaniambia kwamba baba yake naye alikuwa mpiga upondo, na kwamba yeye alijifunza kupima mto kwa miguu kabla ya kujifunza kusoma. Tulipofika, shemeji alitulaki na wenzake saba, pondo mabegani. Mama Ratiba hakuwasalimu vizuri. Alikunja suruali, akaingia mtoni pale mti ulipokuwa zamani, akavuka hadi ng'ambo na kurudi. Maji hayakumpita kifundo cha mguu.

"Gari," alisema.

"Na sisi wanane?" shemeji akauliza. "Tumpigie upondo nani, mbuzi?"

Mama Ratiba alitembea ukingoni, akarudi, akatembea tena. "Kichwa cha maji kiko wapi?"

Walituongoza kuteremka na mto, mwendo wa nusu saa. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimeliona katika nchi yoyote: ulimi wa maji ukitambaa juu ya mchanga mkavu, polepole kama mgonjwa anayejifunza kutembea upya. Ulitanguliwa na mende na buibui waliokuwa wakikimbia kuokoa roho zao, na nyuma yake walikuja korongo na yangeyange, wakila mbio. Shemeji alichomeka upondo mbele ya maji. Tukahesabu muda hadi yalipoupita.

"Wazee watatembea na maji haya siku nne, ninyi mkiwaongoza," Mama Ratiba alisema. "Siku ya tano tunapima. Yakifika magotini, mitumbwi. Yasipofika, gari, na watakuwa wameambiwa leo, si wakiwa matopeni."

Alipanda kichuguu kutafuta mtandao, akampigia mwenyekiti wa wauguzi, akamweleza yote, hata kiboko. Sauti ya yule mama tuliisikia hadi chini: "Mwanangu, miaka thelathini na mitano nimetembea wodini nikisubiri watoto wa watu wazaliwe. Nishindwe kuyasubiri maji?"

Kabla hajashuka, bosi akapiga.

"Uko wapi? Ofisini yuko nani?"

"Kiti."

"Na funguo?"

"Ninazo mfukoni. Ukizitaka njoo uzichukue huku, ila uvue viatu."

"Wazee wamekubali?"

"Wamekubali."

"Basi kesho asubuhi uwe mezani."

"Kesho asubuhi nitakuwa hapa hapa, nawapokea," alisema, akakata simu. Alishuka kuchukua kandambili zake alizoziacha mchangani. Maji yalikuwa yameshazifikia.